Ardhi ya Kilimo Bofu: Udongo Wataka Hili, Hati Yasema Lile

Bofu ni mojawapo ya wadi tano za Likoni, katika bara ya kusini ya Mombasa. Wadi nyingine ni Mtongwe, Shika Adabu, Timbwani na Likoni yenyewe. Mtu akivuka kwa feri kutoka kisiwani, akashika njia kuu iendayo Ukunda, ataona maduka na nyumba zilizosongamana, na juu ya mapaa ya mabati ataona vilele vya minazi. Minazi hiyo kwa sehemu kubwa haikuota yenyewe. Ilipandwa na watu, na mpandaji mwenye busara, kabla ya kuchimba shimo, alitaka kujua mambo mawili: udongo wa mahali pale ni wa namna gani, na ardhi ile ni ya nani. Siku hizi mambo hayo mawili husahauliwa, na wengi huiona ardhi yote kuwa kitu kimoja tu, yaani ploti ya kujengea. Kwa sababu hiyo wako watu wanaopanda mti mahali usipoweza kustawi. Na wako wengine, ambao hasara yao ni kubwa zaidi, waliopanda mti ukastawi vizuri, kisha wakaambiwa hawana haki ya kuangua hata nazi moja.

Yafaa basi aina za ardhi zielezwe kwanza kwa upande wa udongo, halafu kwa upande wa haki, maana mkulima wa Likoni hawezi kujua upande mmoja akaacha wa pili.

AINA ZA UDONGO

Nchi ya pwani, kutoka baharini kwenda bara, imepangwa kama mikanda. Mkanda wa kwanza ni wa mawe ya matumbawe. Zamani sana bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na miamba iliyojengwa na viumbe wadogo wa baharini ilikuwa chini ya maji. Bahari ilipoteremka, miamba hiyo ikabaki nchi kavu. Ndiyo mawe yaonekanayo kandokando ya pwani ya Likoni na Timbwani. Watu wa Unguja huiita ardhi ya namna hiyo maweni. Udongo wake ni mchache, umejificha katika mashimo ya mawe, lakini pale ulipo si udongo mbaya. Jembe la kukokotwa halifai kitu hapo. Mkulima hutafuta shimo lenye udongo, akatia mche mmoja mmoja: mpapai, mstafeli, mkwaju, mwarobaini. Mwenye kung'ang'ania kulima mahindi kwa mistari juu ya maweni hupoteza mbegu zake na nguvu zake.

Ardhi hiyo ina matumizi mengine, nayo ni kukata mawe ya kujengea na kuchoma chokaa. Hapo pana hatari, kwa maana jiwe likiisha kukatwa hubaki shimo. Mambo yaliyotokea Bamburi, katika bara ya kaskazini ya Mombasa, ni mfano mzuri. Kiwanda cha saruji kilichoanza kazi huko mwaka 1954 kilichimba matumbawe mpaka pakabaki uwanda mweupe wa mawe, usio na udongo, wenye maji ya chumvi karibu na uso wa nchi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo aitwaye René Haller alianza kupanda miti humo. Katika aina alizojaribu, mvinje ulishinda, kwa kuwa huvumilia chumvi, na mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyoupatia mti naitrojeni kutoka hewani. Lakini majani ya mvinje yaliyoanguka yalilala chini bila kuoza. Basi wakaletwa majongoo. Majongoo wakayala majani, wakayageuza kuwa mboji, na mboji ikawa mwanzo wa udongo. Leo mahali hapo ni msitu unaoitwa Haller Park. Kazi hiyo ilitaka miaka mingi na fedha za kiwanda kikubwa. Mtu wa ekari moja hana fedha hizo, naye na afikiri mara mbili kabla ya kuuza mawe yaliyo chini ya shamba lake.

Nyuma ya matumbawe ni mkanda wa mchanga, ambao wataalamu wa miamba huuita mchanga wa Kilindini. Sehemu kubwa ya nchi tambarare ya Likoni imefunikwa na mchanga wa namna hii. Rangi yake ni ya kijivu au ya hudhurungi nyepesi, na jembe huingia bila taabu. Wepesi huo humdanganya mkulima mgeni. Mvua ya Mombasa si haba: kwa mwaka hufika milimita 1,000 na zaidi, na nyingi hunyesha katika masika, ambayo wenyeji huiita mwaka, kuanzia Aprili mpaka Juni, mwezi wa Mei ukiwa ndio wenye mvua kubwa kuliko yote. Lakini mchanga haushiki maji. Mvua hupita chini upesi, na inapopita huchukua pamoja nayo chakula cha mimea. Shamba la mchanga lililofyekwa na kuchomwa moto huzaa mahindi vizuri mwaka wa kwanza, mwaka wa pili kidogo, na mwaka wa tatu hutoa mabua membamba yenye majani ya manjano.

Kwa hiyo mchanga huu hufaa zaidi mimea yenye mizizi inayokwenda mbali. Wa kwanza ni mnazi. Mnazi hauna mzizi mkuu wa kati; una mamia ya mizizi inayotawanyika pande zote, ambayo hupenda udongo wenye hewa, na kuchukia maji yaliyosimama. Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki huanza kuzaa unapofika miaka sita au saba, kisha huendelea kuzaa kwa miaka sitini hivi. Nafasi yake ni mita 9 kila upande. Kwa kipimo hicho ekari moja huchukua minazi 50, wala si zaidi. Anayepanda minazi 100 katika ekari hiyo hapati nazi mara mbili. Hupata minazi mirefu, myembamba, inayogombania jua. Katika nafasi iliyo kati ya mti na mti hupandwa muhogo, kunde au pojo, na majani yao yakiachwa shambani hurudisha rutuba kidogo.

Adui wa mnazi ni chonga, yule mbawakawa mweusi mwenye pembe moja, atobaye moyo wa mti mpaka makuti yanatoka yakiwa yamekatika kama kwa mkasi. Chonga hutaga mayai katika magogo ya minazi iliyokufa na katika marundo ya samadi. Katika zama za ukoloni palikuwa na sheria ya kuhifadhi minazi, nayo ilimlazimisha mwenye shamba kuondoa magogo yaliyooza. Wengi walinung'unika wakati ule, lakini ukweli ni kwamba gogo moja lililoachwa kuoza huweza kuharibu shamba la jirani ambaye hakufanya kosa lolote.

Mti wa pili wa mchanga ni mkanju, ambao watu wengine huuita mkorosho. Wareno waliuleta kutoka Brazili. Huota hata mahali mnazi unapokonda, lakini hutaka nafasi kubwa, kwa kuwa matawi yake hutanda chini na kuzuia kila mmea mwingine.

Kwa chakula, mfalme wa mchanga ni muhogo. Aina ipendwayo sana pwani ya Kenya ni Kibandameno, kwa sababu ni mtamu, hupikika upesi, na huweza kuliwa mbichi. Ubaya wake ni kwamba hushikwa mno na batobato, ugonjwa unaokunja majani na kuyatia mabaka ya manjano. Ugonjwa huo huenezwa na inzi weupe wadogo, na huenezwa pia na mkulima mwenyewe akatapo vijiti vya kupanda kutoka shina lenye ugonjwa. Aina nyingine, Kaleso, ilitokana na kazi ya kuchanganya mbegu iliyofanyika katika kituo cha Amani, Tanganyika, kabla ya uhuru. Kaleso hustahimili batobato kuliko Kibandameno. Wako wanaosema haina ladha ile, na huenda wanasema kweli. Lakini mwenye watoto wa kulisha hupanda mistari michache ya Kibandameno kwa ajili ya ulimi, na shamba lililobaki hulitia aina inayostahimili.

Juu ya vilima vilivyo nyuma zaidi ni mkanda wa tatu, wa udongo mwekundu wenye mchanga uliochanganyika na mfinyanzi kidogo. Wenyeji waliutambua zamani kabla ya wataalamu, na mahali pamoja maarufu pa Likoni pameitwa kwa jina la udongo huo: Dongo Kundu, yaani dongo lililo jekundu, kwa Kiswahili cha zamani. Udongo huu hushika maji kuliko mchanga mweupe. Miembe, michungwa na mahindi hustawi humo. Kwa mahindi, mbegu zilizotengenezwa kwa ajili ya joto la pwani ndizo zifaazo, kama Coast Composite iliyotolewa mwaka 1974 na Pwani Hybrid 4 iliyotolewa mwaka 1995, zote kutokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Mtwapa. Mbegu iliyotengenezwa kwa nchi ya baridi ya Kitale haifai kupandwa Likoni, hata ikiwa mfuko wake una picha nzuri namna gani.

Changamwe, upande wa pili wa maji, ni habari nyingine. Huko udongo mwingi umetokana na mwamba laini wa tabaka tabaka. Ni mzito, hunata wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi hupasuka. Mtu aliyezoea jembe la Bofu akihamia Changamwe hana budi kujifunza upya.

Zabaki ardhi mbili za mahali pa chini. Mabondeni, mahali maji yanapotuama, udongo ni mweusi na mzito. Hapo mnazi hunyong'onyea, lakini mpunga hupenda. Katika nchi ya Kwale iliyo jirani, kulima mpunga mabondeni ni kazi ambayo akina mama wa Kidigo wameijua tangu zamani. Siku hizi mabonde yaliyo karibu na mji hufaa zaidi kwa mchicha, bamia na mboga nyingine, kwa kuwa soko liko mlangoni.

Kisha kuna matope ya mikoko, kando ya hori za bahari. Mara kwa mara hutokea mtu akasema, "Pale pana matope meusi yenye rutuba, tuikate mikoko tulime." Shauri hilo ni baya. Matope yale yana kibiriti kilichofungwa ndani yake. Yakikauka na kuingiwa na hewa, kibiriti hugeuka kuwa asidi kali, na hakuna mmea wa chakula utakaoota hapo. Tena mikoko ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932, na kuikata bila ruhusa ni kosa. Matumizi yake ya haki ni boriti zikatwazo kwa kibali, kuni za matawi makavu, asali, na zaidi ya yote mazalio ya samaki na kamba. Mvuvi ajua jambo hilo kuliko mkulima.

KUUTAMBUA UDONGO KWA MKONO

Mtu hahitaji chombo cha thamani ili aujue udongo wake. Na achimbe shimo la kina cha mkono mmoja, achukue udongo wa chini, aulowanishe kidogo, kisha aufinyange kati ya viganja. Ukimomonyoka papo hapo, ni mchanga. Ukifanyika mpira, lakini ukivingirishwa kuwa mfano wa kamba hukatika, ni tifutifu, nao ndio bora kwa mimea mingi. Ukiweza kuvingirishwa kuwa kamba ndefu na kukunjwa kuwa pete bila kupasuka, ni mfinyanzi. Halafu na amimine ndoo moja ya maji katika shimo lile. Maji yakitoweka mara moja, ajue kwamba samadi na matandazo ni lazima. Yakisimama mpaka kesho yake, asipande mnazi.

Majani nayo husema. Ndago tele na matete ni dalili ya maji karibu. Mikoma huonyesha mara nyingi mchanga ulio mkavu juu. Na kisima chenye ladha ya chumvi, karibu na pwani, ni onyo kwamba maji matamu yanayoelea juu ya maji ya bahari yamevutwa kupita kiasi. Maji hayo yakimwagiliwa mchicha kila siku, chumvi hubaki juu ya udongo.

MTI NI WA NANI?

Hapa ndipo habari inapokuwa ngumu. Udongo huulizwa kwa jembe, lakini haki ya kuulima huulizwa mahali pengine.

Mwambao wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ukawekwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1895, na ukaunganishwa na Kenya huru mwaka 1963. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Hati za Ardhi. Kila mwenye kudai ardhi katika mwambao alitakiwa kupeleka madai yake kwa msajili. Waliothibitishwa walipewa hati. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Wengi katika Wadigo na Mijikenda wengine, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na karatasi, hawakupeleka madai, wakajikuta wanaishi juu ya ardhi ya serikali au ya mtu mwingine. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1907, utumwa ulikuwa umefutwa kisheria, na wengi waliokuwa watumwa walibaki mashambani wakilima kwa ruhusa ya mwenye shamba. Mambo haya mawili ni mizizi mikubwa ya taabu ya maskwota wa pwani mpaka leo.

Katika desturi ya pwani, mti na ardhi ni mali mbili. Mtu aweza kuwa na minazi kumi juu ya ardhi ya mwingine, akaiuza, akaiweka rehani, au akawarithisha watoto wake, na ardhi ikabaki ya mwenyewe. Hata nyumba ni vivyo hivyo: mjini Mombasa na katika vitongoji vyake ziko nyumba nyingi ambazo mwenye nyumba si mwenye kiwanja, naye hulipa kodi ya ardhi. Desturi hiyo iliwasaidia watu wengi kupata makao kwa gharama ndogo. Lakini ilizaa jambo ambalo limedhuru kilimo kuliko chonga na batobato pamoja.

Mwenye ardhi alipompa mtu ruhusa ya kulima, mara nyingi alitia sharti moja: panda muhogo, panda mahindi, panda kunde, lakini usipande mnazi wala mwembe. Sababu yake ni wazi. Muhogo ukivunwa umekwisha. Mti hukaa miaka sitini, na aliyeupanda huwa na neno la kusema juu ya ardhi ile. Basi ardhi ya mchanga, ambayo kwa asili yake yataka miti, ililimwa vyakula vya muda mfupi miaka nenda miaka rudi, mpaka ikachoka. Msafiri apitaye huona shamba limedhoofu, akasema kwamba wenyeji ni wavivu, hawapandi miti. Asemaye hivyo hakuuliza. Mkulima alijua vizuri kabisa ni nini kingestawi pale; alikatazwa kukipanda.

Jinsi mambo hayo yanavyoweza kufika mbali, Likoni imeona kwa macho. Shamba lijulikanalo kwa jina la Waitiki, lenye ekari 930, lilikuwa na mwenye hati. Baada ya machafuko ya Agosti 1997 lilijaa wakaaji wasio na hati. Mivutano ikaendelea kwa miaka mingi, mpaka Serikali ya Kenya ikakubali kulinunua kwa shilingi bilioni 1.1. Mwezi wa Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliwagawia wakaaji hati zao, na kila mmoja akatakiwa kulipa shilingi 182,000 kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Wako waliofurahi kwa kuwa sasa hawafukuzwi, na wako waliosema kwamba si haki kulipia ardhi waliyoiona kuwa ya wazee wao. Neno la kila upande lina uzito wake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imegawanya ardhi yote katika mafungu matatu: ardhi ya umma, ardhi ya jamii, na ardhi ya watu binafsi. Mikoko ni ya umma. Shamba lenye hati ya mtu ni la binafsi. Lakini yako maelezo mengine ya sheria ambayo wakulima wa Bofu wachache wayajua, nayo yafaa kusomwa polepole. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, iliyotungwa mwaka 1967, husema kwamba ardhi ya kilimo haiwezi kuuzwa, kugawanywa au kuwekwa rehani bila idhini ya bodi ya ardhi. Bodi hiyo imekuwa kizuizi cha namna fulani, maana huweza kumwuliza mwenye kuuza kama jamaa yake watabaki na mahali pa kulima. Lakini sheria hiyo hiyo husema kwamba ardhi iliyo ndani ya mpaka wa manispaa haihesabiwi kuwa ardhi ya kilimo, isipokuwa Waziri ametangaza kwamba ni ya kilimo. Basi mtu wa Likoni aweza kuwa mkulima machoni pa jirani zake, amezungukwa na minazi na muhogo, na shamba lake lisiwe shamba machoni pa sheria. Kizuizi kile hakimlindi. Kinga iliyopo ni nyingine: kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, mali ya ndoa haiuzwi mpaka mume na mke wote wawili wakubali.

Na ichukuliwe hesabu ya ploti moja ya futi 50 kwa 100. Kwa nafasi ya mita 9, ploti hiyo hutosha minazi mitano, au sita kwa shida. Nyumba ikijengwa, pamoja na choo na njia ya kupita, hubaki mahali pa mmoja au miwili. Ekari iliyokuwa na minazi 50, ikiisha kugawanywa ploti nane, haitakuwa na zaidi ya minazi kumi na sita, hata kama kila mnunuzi ni mpenda miti. Si kosa kujenga. Watu wanaongezeka na lazima walale mahali. Lakini mwenye kuuza, anapohesabu fedha za ploti, na ahesabu pia nazi za miaka iliyobaki, ndipo ajue kama bei aliyopewa ni bei au ni hadaa.

Upande wa Dongo Kundu ekari 3,000 zimetengwa kwa eneo maalum la viwanda, na barabara mpya imejengwa kutoka Miritini mpaka Kibundani. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018. Serikali ikitwaa ardhi kwa kazi ya namna hii, Katiba, katika kifungu cha 40, yataka mwenye ardhi alipwe fidia ya haki. Kifungu hicho hicho huruhusu hata mtu asiye na hati, aliyekaa hapo kwa nia njema, afikiriwe fidia. Hapo ndipo hesabu ya miti inapokuwa na thamani. Aliyepanda minazi ishirini na kuandika siku aliyoipanda, mbele ya mzee wa mtaa, huwa na la kuonyesha. Aliyesema tu "ilikuwa mingi" hana.

Iko pia dhana iliyoenea kwamba mtu akikaa juu ya ardhi miaka kumi na miwili huwa yake. Sheria ya muda wa mashtaka ina neno hilo, lakini si kwa kila mtu. Aliyekaa kwa ruhusa ya mwenyewe, au anayelipa kodi ya ardhi, hahesabiwi hivyo, hata akikaa miaka arobaini, maadamu ruhusa ile ingalipo. Wala neno hilo halifanyi kazi juu ya ardhi ya umma. Na anayedai sharti aende mahakamani. Ardhi haihamii mikononi mwake kwa kupita kwa siku tu.

Kwa hiyo mtu anayetaka kupanda miti juu ya ardhi ya mwingine na aombe mapatano yaandikwe, yakitaja idadi ya miti, aina yake, nani atakula matunda, na malipo yatakuwaje mmoja wao akitaka kuondoka. Waraka wa ukurasa mmoja, wenye sahihi mbili na mashahidi, hutosha kuanzia. Mwenye kununua na aende kwanza katika ofisi ya msajili wa ardhi, alipe ada, atazame jina lililoandikwa humo, kabla ya kutoa hata shilingi moja ya arbuni. Wenye ardhi nao yafaa wafikiri upya lile sharti la kale, maana mpangaji aliyeruhusiwa kupanda mnazi kwa mapatano ya kugawana nazi huutunza mchanga, na aliyekatazwa huumaliza.

Mashimo ya minazi huchimbwa kiangazi, mwezi wa Februari au Machi, upana na kina cha sentimita 60 au zaidi kidogo, udongo wa juu ukiwekwa mbali na ule wa chini. Mvua za kwanza zikianguka, udongo wa juu huchanganywa na samadi iliyooza kabisa na kurudishwa shimoni, ndipo mche hutiwa. Kazi ya kilimo iko chini ya serikali za kaunti tangu mwaka 2013. Mwenye kutaka udongo wake upimwe na akusanye udongo kutoka mahali kumi mbalimbali pa shamba moja, auchanganye katika ndoo safi, aukaushe kivulini, na achukue nusu kilo yake amwulize Bwana Shamba wa kaunti mahali pa kuupeleka.